Nyuzi 33 mwezi wa saba hapa Mwiki, Kasarani! Kipimajoto kina wazimu ama nimekiweka pabaya?

#1 Mkaazi_Mwiki

Wakuu hamjambo. Nisaidieni kabla mke wangu hajakitupa hiki kitu.

Desemba iliyopita nilijinunulia kituo kidogo cha hali ya hewa, kile chenye kioo cha kuweka sebuleni na kihisi cha nje kinachotuma vipimo bila waya. Nikasoma maagizo yaliyokuja nacho, nikasoma na mengine kwenye intaneti. Yote yanaimba wimbo mmoja: kihisi kipigwe ukuta wa kaskazini, mahali jua lisipofika. Nikatoa dira ya simu, nikatafuta kaskazini, nikapiga misumari.

Januari na Februari sikuwa na neno. Mchana 26, 27, siku moja 29, karibu sawa na wanavyotangaza redioni. Mwezi wa tano mambo yakaanza kugeuka. Sasa ni mwezi wa saba, Nairobi nzima iko kwa jaketi, mama mboga wetu ameweka jiko la makaa chini ya meza, na kioo changu jana saa saba mchana kilisoma 33. Mawingu yakifunga kinarudi 20, 21. Jua likichungulia dakika kumi tu kinapanda kama bei ya unga.

Nimebadilisha betri. Nimekipanguza vumbi. Walioniuzia wanasema dhamana imeisha. Kimekufa? Ninunue kingine?

#2 KijanaWaPipeline

Kimehamia Mombasa bila wewe 😂

#3 BintiTudor

Msitusingizie. Mombasa mwezi huu kuna upepo wa kusi, hata sisi hatufiki 33. Hicho kimelewa tu.

#4 MzeeSaaTatu

Usinunue kingine kwanza, kijana. Nilifanya kazi ya kupima hewa miaka mingi, sasa nimestaafu niko Kikuyu nafuga kuku. Nijibu haya: ukuta ni wa nini, mawe ama mbao? Chini yake kuna nyasi ama saruji? Kihisi kimegusa ukuta ama kimesimama mbali nao? Juu yake kuna nini?

Na kesho, jua likitoka, saa sita na dakika arobaini hivi, simama mbele ya hicho kihisi uangalie kivuli chako kinalala upande gani. Kisha urudi hapa.

#5 Mkaazi_Mwiki

Ukuta ni wa mawe, haujapigwa plasta. Chini ni kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika uani. Kihisi kimebanwa ukutani kabisa. Juu yake kidogo kuna mabati ya kibanda cha gari.

Kivuli nitakuletea habari kesho Mzee.

#6 Mkaazi_Mwiki

Mzee. Nimetoka nje saa ile uliyosema. Kivuli changu kimelala KUSINI. Jua liko kaskazini, linakipiga kihisi usoni kabisa! Dira ya simu imeniongopea?

#7 MzeeSaaTatu

Dira haijakuongopea, wala kipimajoto hakina wazimu. Waliokosea ni wale uliowasoma, na hata wao hawajakosea wakiwa kwao.

Maagizo hayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini uko kivulini mchana, kiangazi na baridi. Ukishuka hadi Johannesburg au Sydney unageuza tu: kivuli kiko kusini. Sisi hatuko huko wala huko. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini ya ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Baina ya hapo, yaani masika yote na baridi yote, jua la mchana liko kaskazini kwetu. Juni 21 huwa limeinama karibu digrii 25 kutoka utosini. Kuanzia Oktoba linahamia kusini, na Desemba 21 linainama digrii 22 hivi upande huo.

Sasa rudi kwenye kalenda yako. Ulipiga misumari Desemba, jua likiwa kusini, nyuma ya nyumba. Ukuta wako ukawa kivulini, ukaona Januari na Februari mambo ni sawa. Katikati ya Machi jua likavuka upande wako. Aprili na Mei mawingu ya masika yakakuficha aibu kidogo. Ilipofika Juni likawa linakipiga waziwazi kila mawingu yanapofunguka. Ulichosoma juzi, ile 33, si joto la hewa ya Mwiki. Ni joto la kisanduku cha plastiki kilichoota jua.

Na usikimbilie kukihamisha ukuta wa kusini. Utafurahi hadi Septemba, halafu Oktoba utakuja kulia hapa tena.

#8 Otis_umeme

Basi si aweke ukuta wa mashariki ama magharibi, amalize maneno?

#9 MzeeSaaTatu

Mashariki utapigwa asubuhi mwaka mzima. Magharibi utapigwa saa tisa, saa kumi, ambayo ndiyo saa ya joto lenyewe, na utakuwa umeharibu kile kipimo unachokitaka kuliko vyote. Hapa kwetu hakuna ukuta salama. Acheni habari ya ukuta.

#10 Mwalimu_Umoja

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, shule ya upili. Kila mwaka nachora ubaoni lile sanduku jeupe la Stevenson la kuwekea vipimajoto, na kila mwaka naandika kwamba mlango utazame mbali na jua, bila kuwaambia wanafunzi jua lenyewe liko wapi. Leo nimeona haya. Kwetu ikweta mlango unatazama wapi?

#11 MzeeSaaTatu

Marahaba Mwalimu. Swali zuri, na wengi huliruka.

Thomas Stevenson alikuwa mhandisi wa minara ya taa huko Uskoti, na sanduku lake alilibuni miaka ya 1860. Kule mlango hutazama kaskazini. Kusini ya dunia hutazama kusini. Kwa nchi za joto kama yetu, mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unakubali sanduku lenye milango miwili, kaskazini na kusini, ili mpimaji afungue ule ambao jua haliko msimu huo. Ukifungua mlango usiofaa, jua linaingia na kugonga vipimajoto wakati ule ule unaposoma.

Lakini mlango ni jambo la dakika moja asubuhi na dakika moja alasiri. Kazi kubwa ya lile sanduku iko kwingine. Limepakwa rangi nyeupe ili lirudishe miale ya jua. Kuta zake ni luva, yaani vibao vilivyoinama vyenye mianya, tena mbili mbili, hewa ipite lakini jua lisipenye kutoka upande wowote. Juu paa mara mbili. Chini mbao zilizoachiana nafasi, ili joto linalorudi kutoka ardhini lisimulike kipimo. Ndiyo maana halihitaji ukuta wa kulikinga. Linasimama peke yake katikati ya nyasi, jua linapiga kila upande, na ndani ni kivuli chenye upepo. Kivuli cha ukuta hakiwezi kukupa hivyo, kwa sababu ukuta wenyewe una joto lake.

#12 Mkaazi_Mwiki

Kuhusu ukuta kuwa na joto lake, hapo umenigusa Mzee. Kuna jambo sikulisema nikidhani ni dogo. Hata usiku kipimo changu hakishuki kama cha wengine. Alfajiri redio inasema 11, mimi nasoma 15, 16. Na usiku hakuna jua!

#13 MzeeSaaTatu

Hilo ndilo kosa la pili, na lilikuwepo hata Januari, hukulitambua tu.

Weka kiganja kwenye ukuta wako wa mawe saa mbili usiku baada ya siku ya jua. Utauona una uvuguvugu. Mawe na kabro hunywa joto mchana kutwa, halafu huliachilia polepole usiku kucha. Kihisi kilichobanwa ukutani husoma joto la jiwe na kuliita hewa. Kwa hiyo mchana unapunjwa na jua na usiku unapunjwa na ukuta.

Mabati nayo ni mkorofi wa aina yake. Hayawezi kulala na joto. Mchana yanachemka yakimulika kila kilicho chini yake, na usiku wa anga wazi yanapoa upesi kuliko hewa yenyewe, ndiyo unayaona yakidondosha umande asubuhi. Kihisi chako kiko kati ya jiwe na bati. Nakipa pole.

#14 KijanaWaPipeline

Mzee hebu tuseme ukweli. Nani Nairobi anajali kama ni 22 ama 24? Ukisikia baridi vaa jaketi, ukisikia joto vua. Uzi mzima juu ya nyuzi mbili jameni.

#15 Shamba_Limuru

Kijana, nyuzi mbili ni chai yangu.

Mwaka fulani, usiku wa Januari, anga bila wingu hata moja, kipimajoto changu cha barazani kilisema 5. Nikalala. Asubuhi majani ya chai kule bondeni yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Barafu. Kipimo hakikuwa kibovu, kilikuwa kinanipimia baraza. Kumbe usiku wa namna ile, kukiwa hakuna upepo, ardhi hupoteza joto lake kwenda juu angani, na hewa inayogusa majani inakuwa na baridi kuliko ile iliyo kimo cha mtu. Tena hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Mimi barazani niko mlimani, ukuta wa jikoni nyuma yangu una moto wa chai.

Sasa nina viwili: kimoja kimo cha kifua, kingine chini bondeni usawa wa majani. Cha kwanza ni cha kulinganisha na watu wengine. Cha pili ndicho kinachonipa usingizi ama kuninyima.

#16 MzeeSaaTatu

Umesema vyema, mkulima. Ndiyo maana kimo kimewekwa kwa makubaliano: mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi. Si kwamba hewa ya hapo ni tamu. Ni ili Limuru na London wawe wanapima kitu kimoja. Chini ya hapo unapima ardhi, juu sana unapima upepo wa paa.

Na chini kuwe na nyasi fupi za mahali hapo, si kabro, si lami, si saruji. Shirika la dunia limepanga vituo kwa madaraja matano. Daraja la kwanza kituo kiwe zaidi ya mita 100 kutoka kwa majengo, saruji au maegesho ya magari. La pili mita 30. La tatu mita 10. Daraja la nne unakubali kosa la hadi nyuzi 2, la tano hadi nyuzi 5. Wengi wetu mitaani tuko la nne na la tano, tusidanganyane. Bora ujue uko la ngapi.

#17 Mwalimu_Umoja

Kijana wa Pipeline, nikuongezee mfano. Kwa miaka 90 vitabu vilisema joto kali kuliko yote duniani lilipimwa Al Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922: nyuzi 58. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaifuta rekodi ile. Miongoni mwa sababu: kipimajoto cha aina isiyofaa, mpimaji mgeni wa kazi ambaye huenda alisoma ncha isiyo yenyewe ya kiashiria chake, na kituo kilikuwa juu ya ardhi nyeusi iliyofanana na lami, tofauti na jangwa la pale. Rekodi ikarudi kwa Death Valley, Marekani, 56.7, Julai 1913. Yaani dunia nzima ilikaririshwa kwa miaka 90 namba ya makosa kama ya Mkaazi wetu wa Mwiki.

#18 Mkaazi_Mwiki

😂😂 Mimi na Libya ni ndugu.

Haya nimekubali. Kibanda cha gari hakibomolewi, ukuta hautoki. Nyuma ya plotini kuna uwanja mdogo wa nyasi wa mama jirani, kama mita 12 kutoka nyumba iliyo karibu. Nikipanda mti wa chuma pale, nahitaji lile sanduku la luva? Seremala aliniambia bei nikakohoa.

#19 Otis_umeme

Ndoo nyeupe ya rangi, ile ya lita 20. Pindua, ning'iniza kihisi ndani. Kazi imeisha.

#20 MzeeSaaTatu

Otis, hiyo ni tanuri. Kivuli bila upepo ni kosa lile lile. Hewa iliyofungiwa chini ya ndoo inapata joto la ndoo.

#21 FundiKamukunji

Wacha niseme la kwetu. Nimetengenezea watu wa shule kama nne hivi, kwa visahani vya plastiki vya kuwekea maua, vyeupe. Nunua nane ama tisa. Viwili vya juu uviache vizima, hivyo ni paa. Vilivyobaki toboa tundu kubwa katikati, kihisi kiingie. Vipindue vyote, ukingo utazame chini, uvipange kimoja juu ya kingine kwa bolti tatu ndefu zenye uzi mwili mzima, katikati ya visahani uweke vipande vya paipu vya sentimita mbili unusu. Kila ukingo ufunike mwanya wa chini yake, ili ukichungulia kutoka pembeni usione kihisi. Ukikiona, jua nalo linakiona.

Nje nyeupe ya kung'aa. Upande wa chini wa kila kisahani paka nyeusi, ule mwanga unaoruka kutoka kwa nyasi ufie hapo usirushwe ndani. Usitumie bati tupu hata kama linang'aa vipi, linashika joto. Nguzo iwe paipu ya maji ya inchi moja.

Ukitaka kuwa wa hali ya juu, feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, iwekwe ivute hewa kutoka chini ipite kwa kihisi. Siku isiyo na upepo, jua la utosini, hata visahani vizuri vinaweza kuzidisha nyuzi moja ama mbili. Feni inaondoa hiyo.

#22 Shamba_Limuru

Na zege kwenye shimo la nguzo, tena nyingi. Changu cha kwanza kiliondoka usiku pamoja na nguzo. Wa vyuma chakavu hawaulizi ni daraja la ngapi.

#23 Mwalimu_Umoja

Kweli. TAHMO, wale wa mradi wa vituo vya hali ya hewa barani Afrika, ambao wana ofisi hapa Nairobi, vituo vyao vingi wamevipeleka shuleni. Kuna uwanja, kuna ukuta wa nje, kuna askari wa lango, na kuna watoto wa kusoma vipimo.

#24 KijanaWaPipeline

Sawa, mmenivuta. Lakini mimi naishi orofa ya sita. Nikitoa mkono dirishani nasalimia jirani wa jengo la pili. Nyasi za karibu ziko kwa picha ya kalenda. Mimi nifanye nini? Juu kwa paa kuna matangi ya maji na kamba za nguo, na keateka mwenye roho mbaya.

#25 MzeeSaaTatu

Nilikungoja ufike hapo.

Paani utapima saruji. Bamba la zege linachemka mchana na kushikilia joto usiku, tangi jeusi nalo hivyo hivyo, na nguo mbichi zikining'inia karibu zitashusha kipimo kwa sababu maji yanapokauka yanaondoka na joto. Ukipata ruhusa ya keateka, weka nguzo ya mita mbili, pembe ya mbali na matangi, yenye upepo, na hiyo feni ya fundi usiiache. Usipopata ruhusa, balkoni: toa mkono wa chuma utoke nje ya ukingo mita moja hivi, ngao ya visahani mwishoni, mbali na tundu la jikoni.

Kisha ukiandika kwenye daftari usiandike "joto la Nairobi". Andika "joto la balkoni yangu, orofa ya sita". Hicho ni kipimo halali kabisa. Watu wanaishi kwenye balkoni hizo, hawaishi kwenye nyasi za kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner. Mji wa mawe una joto lake la usiku, na kama watu kumi wa Pipeline wangelipima vizuri tungejifunza mengi. Kosa ni kulipa jina lisilo lake.

#26 KijanaWaPipeline

Mzee umeongea kama mtu mzima. Nimeagiza kihisi.

Lakini kiko sawa? Nitajuaje hakikutoka kiwandani na uongo wake? Nina kingine cha jikoni, cha waya, nimekijaribu kwa maji yanayochemka: 94. Nimekitupa.

#27 BintiTudor

Umekitupa kipimo kizima, mwanangu! Maji ya Nairobi huchemka kwa 94 hivi. Mko juu, mita 1,700 na kitu, hewa imewapungukia. Ndiyo maana maharagwe yenu hayaivi. Njoo Mombasa uone 100.

#28 KijanaWaPipeline

…nakimbilia pipa la taka.

#29 Mwalimu_Umoja

Usipime kwa kuchemsha, pima kwa barafu. Pondaponda barafu ijae kikombe, mimina maji baridi kidogo yajaze mianya tu, koroga, ngoja dakika kadhaa. Hapo ni nyuzi 0, Mombasa, Nairobi na hata Naro Moru, mwinuko hauna neno. Kihisi kisichovumilia maji kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliobana. Kikisoma 0.6, andika kwenye karatasi: toa 0.6. Usikiamini kwa usahihi wa nukta ambayo hukuijaribu.

Mimi huwa natoa pia wiki moja ya kuviweka vyote viwili mahali pamoja, kwenye ngao moja, kabla ya kuvitenganisha. Vikitofautiana vikiwa pamoja, basi tofauti ya baadaye si ya mahali.

#30 Otis_umeme

Swali la mwisho kwangu. Chake Mkaazi si kile cha yote kwa moja? Upepo, mvua, joto, vyote kwa nguzo moja. Anaweka kimo gani?

#31 MzeeSaaTatu

Hapo watengenezaji wametuuzia ugomvi. Upepo unataka mita 10 juu, mahali peupe. Mvua inataka karibu na chini, na umbali kutoka kwa mti au nyumba usipungue mara mbili ya kimo chake. Ikipatikana mara nne ni bora. Joto linataka mita 1.25 hadi 2. Nguzo moja haiwezi kuwaridhisha wote watatu. Chagua unachokitaka zaidi, au tenganisha. Anayelipandisha lote paani apate upepo mzuri, joto lake aliage.

#32 Mkaazi_Mwiki (wiki tatu baadaye)

Nimerudi na ripoti.

Changu ni joto na unyevu tu, namshukuru Mungu. Visahani nimenunua, fundi amenipangia, nguzo imesimama kwenye nyasi za mama jirani, mita moja na nusu. Mama alikubali kwa sharti nimwambie kila asubuhi kama atatoa vifaranga nje. Mbuzi wake alikula lebo ya siku ya kwanza, nikazungushia waya.

Nilifanya alivyosema Mwalimu. Nilinunua kingine cha bei rahisi, nikavikalisha pamoja wiki moja, tofauti ikawa 0.3. Kisha kimoja nikakirudisha ukutani pale pale pa zamani, kwa misumari ile ile. Jumatano iliyopita jua lilitoka vizuri. Saa nane mchana: nyasini 23.1, ukutani 31.8. Alfajiri yake: nyasini 11.4, ukutani 14.9. Siku ya mawingu mazito, mchana vyote viwili ni 19 na nukta, vimekaribiana kama mapacha. Wingu likifunga, makosa yangu yanajificha.

Ila Mzee, jambo moja bado. Nikilinganisha na wanavyotangaza wa Dagoretti, mimi niko juu kwa karibu nyuzi moja siku nyingi. Bado nimekosea wapi?

#33 MzeeSaaTatu

Hujakosea popote. Dagoretti Corner iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko 1,624, na Mwiki nayo iko chini kuliko Dagoretti. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda. Mita 170 hivi, kama kutoka uwanja wa ndege hadi Dagoretti, ni nyuzi moja na kitu. Tena Dagoretti wako karibu na vilima vya Ngong na mawingu yake. Usikirekebishe kipimo kifanane na cha mtu wa mlimani.

Usishtuke pia mvua ikinyesha kisha jua litoke: ngao iliyolowa itasoma chini kidogo hadi ikauke. Na osha visahani kila baada ya miezi michache. Vumbi la Mwiki litavigeuza rangi ya kahawia, na kahawia si nyeupe.

#34 Mkaazi_Mwiki

Asante sana Mzee. Cha ukutani sikiondoi. Nataka kuona tarehe kitakayonyamaza, jua likihamia kusini. Nimeweka alama Septemba 26, nitatoka nje saa sita kamili nione kama kweli kivuli changu kitapotea.

#35 MzeeSaaTatu

Saa sita kamili utakiona bado. Saa yetu hufuata mstari wa digrii 45, ulio karibu na Mogadishu, nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua hutufikia kwa kuchelewa. Siku hiyo toka saa sita na dakika 24. Na usivae kofia.